Mililita Tatu kila Saa Mbili: Kisa cha Mtoto Njiti, Maziwa ya Kuchangiwa na Bima ya Afya

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Kimeundwa kutokana na hali zinazowakuta wazazi wa watoto njiti jijini Dar es Salaam, na kwa hiyo hospitali, kampuni ya bima na wahusika wake hawatajwi kwa majina. Swali linaloulizwa ni hili: maziwa ya mama yaliyochangiwa na mwanamke mwingine, yakatolewa kwa agizo la daktari kwa mtoto ambaye utumbo wake haujakomaa, yanapaswa kulipiwa na bima ya afya au hayapaswi? Na kama yanapaswa, bima hasa inalipia nini?

Mama mmoja mkazi wa Mbagala alifikishwa hospitalini akiwa na ujauzito wa wiki 29, shinikizo la damu likiwa juu na kifafa cha mimba kikiwa kimeshampata akiwa njiani. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule. Mtoto, wa kiume, alizaliwa akiwa na gramu 1,150, akapelekwa wodi ya watoto wachanga. Mama yake akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, ghorofa mbili juu, akiwa hajitambui. Baba ni mwajiriwa wa kampuni binafsi na ana kadi ya bima kupitia kazini, mkewe akiwa mtegemezi wake.

Asubuhi yake daktari aliandika katika faili kwamba mtoto aanze kulishwa maziwa ya mama mililita tatu kila baada ya saa mbili, kwa mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, huku akiendelea na maji ya mshipani. Mililita tatu hazijazi kijiko cha chai. Muuguzi huzivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hulichomoa pistoni, hulishika bomba juu ya mtoto na kuyaacha maziwa yashuke yenyewe polepole, kwa sababu kuyasukuma ni hatari. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa maziwa.

Baba akaelekezwa duka la dawa kununua maziwa ya kopo ya watoto njiti. Kabla hajaondoka, mama mkwe wake alifika pamoja na bintiye mdogo, mama mdogo wa mtoto, ambaye mwenyewe alikuwa akinyonyesha binti wa miezi minne. Bibi hakuzunguka. “Daktari, huyu mwanangu ana maziwa tele. Mjukuu wangu atapewaje ya kopo na shangingi la maziwa limesimama hapa?” Mama mdogo akacheka kwa aibu. Daktari hakucheka, ila alimjibu kwa heshima: “Mama, sikatai. Lakini siwezi kuyachukua hivihivi. Tumpime kwanza, naye akubali mwenyewe.”

Daktari alituma kwa kampuni ya bima ombi la kibali cha awali lenye vipengele vitatu: vipimo vya mama mdogo vya virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, gharama ya kukamua, kupasha moto na kuhifadhi maziwa wodini, na msaada wa muuguzi wa unyonyeshaji. Siku iliyofuata lilirudi jibu fupi. Maziwa ya watoto na virutubisho ni chakula, na chakula hakimo katika mafao. Huduma iliyoombwa haina namba katika orodha ya bei. Na mtu anayeombewa vipimo si mwanachama wala mtegemezi. Zaidi ya hayo, mtoto mwenyewe alikuwa bado hajasajiliwa kwenye kadi, kwa kuwa tangazo la uzazi lilikuwa halijatoka.

Familia ililipa vipimo kutoka mfukoni. Majibu yalipotoka salama, maziwa ya mama mdogo yakaanza kutumika alasiri ya siku ya pili. Siku ya saba mama mzazi alishushwa wodini kwa kiti cha magurudumu, akamwona mwanawe kwa mara ya kwanza, akaanza kukamua. Siku ya kumi maziwa yake yalikuwa yanamtosha mtoto, na ya mama mdogo yakasimamishwa.

Hoja ya kwanza ya bima, kwamba maziwa ni chakula, inaonekana nyepesi, lakini ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake ni kweli tupu: maziwa ni chakula chake, na hakuna bima duniani inayoweza kubebeshwa mzigo wa kulisha kila mtoto. Kwa mtoto wa gramu 1,150 mambo hubadilika. Utumbo wake ni mwembamba, kinga yake ni haba, na adui anayehofiwa zaidi ni ugonjwa ambao madaktari huuita NEC, ambamo ukuta wa utumbo huvimba, sehemu yake hufa, na wakati mwingine hutoboka na kuumwaga uchafu tumboni. Mapitio ya tafiti yaliyolinganisha watoto njiti waliopewa maziwa ya kopo na wale waliopewa maziwa ya kuchangiwa yameonyesha kwamba ya kuchangiwa hupunguza hatari ya ugonjwa huo kwa karibu nusu. Yasitiwe chumvi hata hivyo. Mapitio hayohayo yanaonyesha kwamba watoto wa maziwa ya kopo huongezeka uzito haraka zaidi wakiwa hospitalini, na kupungua kwa vifo vyote kwa jumla hakujathibitishwa. Anayeidai bima ilipe ni vema aseme na haya, maana ofisa wa madai akiyagundua mwenyewe hatasikiliza lingine.

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kuhusu watoto njiti na wenye uzito mdogo, limepanga foleni iliyo wazi. Kwanza ni maziwa ya mama mzazi. Yasipopatikana, maziwa ya kuchangiwa yafikiriwe kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wenye uzito chini ya kilo moja na nusu. Mtoto wetu anaingia kwa vigezo vyote viwili. Hapo kinachoombwa hakina tofauti na dawa yoyote yenye masharti: kina mgonjwa anayestahili, kipimo, muda na sababu ya kukisimamisha.

Inafaa kuhesabu. Tuchukulie mtoto wa gramu 1,150 anaanza na mililita 30 kwa kilo kwa siku, anaongezwa mililita 30 kwa kilo kila siku hadi afike 150, kisha anabaki hapo. Siku ya kwanza atatumia mililita 34 na ushei. Siku ya tano, 172 na ushei. Kwa siku tisa, hata kama mama mzazi hatatoa tone moja, jumla ni kama lita moja na mililita mia mbili. Lita moja na ushei kwa mgonjwa mzima. Kwa upande wa pili, kampuni ileile iliyokataa ingelipa, bila ubishi wowote wa kimkataba, viuavijasumu, picha za eksirei za tumbo, lishe ya mshipani, upasuaji wa utumbo na wiki za kulazwa iwapo mtoto angepata NEC. Mkataba wake unagharamia moto na hauna fungu la ndoo ya maji.

Hoja ya pili, ya kukosekana kwa namba katika orodha ya bei, haihitaji maneno mengi. Namba huwekwa na watu. Kitita cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kilirekebishwa na kuanza kutumika Machi 2024 huku watoa huduma binafsi wakikilalamikia waziwazi, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaifanya orodha ya mafao kuwa jambo la taifa zima. Orodha inayorekebishwa inaweza kuongezwa mstari.

Hoja ya tatu, kwamba mama mdogo si mwanachama, ndiyo inayofichua kasoro ya mfumo wenyewe. Mkataba wa bima unawajua watu wawili: mgonjwa na mtoa huduma. Mchangiaji ni mtu wa tatu, mzima wa afya, asiye na malalamiko wala faili, ambaye mwili wake unapimwa kwa faida ya mwingine. Nchi hii imeshalikabili tatizo hilo na kulitatua katika huduma ya damu salama. Anayekwenda kuchangia damu haulizwi ana bima gani, damu yake hupimwa bila yeye kulipa, na hakuna anayesema damu ni bidhaa ya sokoni. Gharama ni ya kupima, kuhifadhi na kusafirisha. Maziwa yangefuata njia hiyohiyo: mchangiaji halipwi na halipi, kinacholipiwa ni kazi ya kuyafanya yawe salama.

Kazi hiyo inajulikana. Katika benki za maziwa, yaani vituo vinavyokusanya na kuhifadhi maziwa ya kuchangiwa, maziwa yaliyokamuliwa hupashwa moto kwa nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30, joto linaloua virusi vya UKIMWI na bakteria wengi ingawa hupunguza pia sehemu ya kinga iliyomo, kisha hupozwa haraka, hupimwa vijidudu na kugandishwa. Mtambo wa kufanya hivyo kwa wingi si wa kila wodi. Ipo njia ya mkono inayohitaji jiko, sufuria ya maji na chupa ya kioo: chupa ya maziwa husimamishwa ndani ya maji, maji yakichemka kwa nguvu chupa hutolewa mara moja. Njia hii si ngeni Dar es Salaam. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia hapahapa mjini akina mama wenye VVU kuona kama wangeweza kuyapasha hivyo maziwa yao wenyewe nyumbani. Ndiyo iliyotumika katika kisa chetu, kwa maziwa ya mchangiaji mmoja aliyepimwa, kwa mtoto mmoja. Haitoshi kuendesha benki.

Kuhusu benki, majirani wametangulia. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua yake mwaka 2019. Afrika Kusini ina za tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na Sion, mjini Mumbai, India, ilianza mwaka 1989 katika hospitali ya umma inayohudumia watu wa kipato cha chini. Brazili ndiyo yenye mtandao mpana kuliko wote, wa benki zaidi ya mia mbili, zilizomo ndani ya mfumo wa afya wa umma, na mtoto anayehitaji hupewa bila kulipa. Marekani, ambako bima ni msitu wa sheria za majimbo, suala limeamuliwa jimbo kwa jimbo. New York ilipitisha mwaka 2017 kwamba bima yake ya watu wa kipato cha chini ilipie maziwa ya kuchangiwa kwa watoto waliolazwa ambao wamezaliwa na uzito mdogo sana. Kwa Dar es Salaam funzo lililo karibu zaidi ni la Brazili, kwa sababu kwetu watoto wa chini ya miaka mitano wana msamaha katika vituo vya umma, na huduma itakayowekwa kwa wenye kadi pekee itawaacha nje wengi wa wale wanaozaliwa njiti katika hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala.

Liko jambo ambalo barua ya bima haikuligusa, na ambalo bibi alilikumbuka kabla ya daktari. Mama mdogo alipokuwa anasubiri majibu ya vipimo, bibi alimvuta muuguzi pembeni akamuuliza kama yatachanganywa na ya mwanamke mwingine. Familia ni ya Kiislamu. Katika sheria ya Kiislamu mwanamke aliyemnyonyesha mtoto ndani ya miaka miwili ya kwanza huwa mama yake wa kunyonya, na watoto wake huwa ndugu ambao hawaoani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, idadi inayotajwa ni kunyonya mara tano, na kupitishwa kwa mpira badala ya ziwa hakuondoi hukumu. Kwa familia hii maana yake ilikuwa dhahiri: binti wa miezi minne, aliyekuwa binamu wa mtoto, sasa ni dada yake. Pwani, ambako watu husema binamu nyama ya hamu, huo si uamuzi mdogo, na bibi aliufanya mbele ya watu wote akitaka uandikwe.

Suala hili limejadiliwa na wanazuoni kwa miaka mingi bila kauli moja. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah lilipinga kuanzishwa kwa benki za maziwa, hasa kwa hofu ya nasaba kuchanganyika pasipo mtu kujua. Wanazuoni wengine wameziruhusu kwa dharura ya mtoto. Lakini hofu yenyewe ina tiba ya kiutawala. Maziwa yasichanganywe, kila chupa iwe na namba ya mchangiaji mmoja, familia zote mbili zijulishwe na kuandikwa, daftari litunzwe miaka mingi baada ya mtoto kuruhusiwa. Benki inayochanganya maziwa ya wanawake kumi katika chombo kimoja ni rahisi kuiendesha, na huenda katika miji mingine hakuna anayejali. Hapa itakataliwa, na sawa ikataliwe. Kwa hiyo gharama ya daftari na ya kutochanganya iingizwe katika bei ya huduma tangu mwanzo, isije ikaonekana ni anasa ya kidini.

Sasa nirudi ghorofa mbili juu, mahali ambapo uchambuzi wa bima pekee haufiki. Kwa maoni yangu kosa la kwanza katika kisa hiki halikuwa la kampuni. Mama alipata fahamu siku ya tatu. Dawa alizokuwa akipewa, ile ya kuzuia degedege na zile za kushusha shinikizo, hazimkatazi kunyonyesha. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, lilikuwepo. Hakuna aliyepanda kumsaidia kulikamua, kwa sababu wauguzi wa wagonjwa mahututi walimwona kuwa mgonjwa wa figo na shinikizo, na wauguzi wa watoto wachanga hawakuwa na mtu wa kumtuma. Siku nne zilipotea hapo. Kukamua kwa mkono mapema, ndani ya saa za mwanzo inapowezekana, na kurudia kama mara nane kwa siku, ndiko kunakoamua kama maziwa ya mama wa njiti yatakuja au yatakauka. Maziwa ya mama mdogo yaliziba pengo ambalo kwa sehemu lilitengenezwa na hospitali yenyewe.

Ndiyo maana kipengele cha tatu cha ombi la daktari, muuguzi wa unyonyeshaji, kilikuwa muhimu kuliko viwili vilivyotangulia, ingawa kiliandikwa mwisho na kukataliwa bila hata kujibiwa. Bima ikilipia maziwa ya kuchangiwa peke yake, wodi yenye wauguzi wachache itachagua njia rahisi: itaagiza chupa. Mama atabaki ghorofani na matiti yaliyojaa, kisha yatakauka. Malipo ya siku kwa mtoto anayestahili yafungwe pamoja na uthibitisho kwamba mama mzazi anasaidiwa kukamua kila siku anapoweza, na yakome maziwa yake yanapotosha. Hospitali isiyoweza kuonyesha karatasi ya ukamuaji ya mama isilipwe ya mchangiaji, isipokuwa mama amefariki, hayupo, au hali yake hairuhusu kabisa.

Wengine watasema hayo ni masharti mengi kwa mtoto wa gramu elfu moja na kidogo. Nakubali kwamba masharti ya bima huwaumiza wanyonge kwanza. Lakini jiji hili lina uzoefu wa kutosha wa kuonyesha kwamba kumweka mama karibu na mtoto ni tiba: Muhimbili ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulionyesha kwamba watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8 waliowekwa kifuani kwa njia ya kangaruu mara baada ya kuzaliwa walikufa kwa asilimia 12.0, dhidi ya asilimia 15.7 ya waliosubiri hadi hali zao zitulie. Mtoto aliye kifuani huyafanya maziwa ya mama yaje hata kabla hajaweza kunyonya. Mafao yanayomtenga mama na mtoto, hata yakiwa ya ukarimu, yanakwenda kinyume na ushahidi uliotoka katika wodi zetu wenyewe.

Inabaki barua ya rufaa ambayo baba aliiandika baada ya mtoto kusajiliwa kwenye kadi. Hakuomba alipiwe maziwa, maana shemeji yake hakuuza kitu. Aliomba arudishiwe fedha za vipimo vitatu vya mchangiaji, akiambatanisha agizo la daktari, majibu ya maabara na nakala ya karatasi ya ulishaji yenye saa na mililita. Kampuni ikajibu kwamba madai hayawezi kushughulikiwa kwa sababu jina lililo kwenye risiti za maabara si la mwanachama. Jibu hilo ni sahihi kwa mujibu wa mkataba, na hapo ndipo pa kuanzia marekebisho: kifungu kimoja kinachosema kwamba vipimo vya mchangiaji wa maziwa, aliyeombwa kwa maandishi na daktari wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500, ni sehemu ya matibabu ya mtoto huyo, na vitadaiwa kwa namba ya mtoto au, kabla hajapata namba, kwa namba ya mzazi wake.